Kilichotoka Sikioni Mwangu

Kwa muda mrefu ugonjwa wangu ulikuwa na jina moja: sikio linalotoa usaha. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, ndivyo nilivyowaambia ndugu zangu, na ndivyo kila daktari mpya alivyosoma kabla hajainua macho kunitazama. Kwa kuwa jina lilikuwa usaha, dawa nazo zikawa za usaha: vidonge vya kuua bakteria, matone ya kuua bakteria, kisha vidonge vya aina nyingine vyenye nguvu zaidi. Sikio lilikuwa likitulia kidogo, linajifanya limekauka, halafu linarudi palepale.

Cha ajabu, halikuwa likiuma sana. Sikio lenye maambukizi makali ya bakteria huuma, hupwita, huleta homa, na ngoma ya sikio ikitoboka huanza kutoa majimaji. Langu lilikuwa zito tu. Nilihisi limejaa saa zote, na sauti yangu mwenyewe ilinirudia kichwani kila nikiongea. Kilichokuwa kikitoka nacho hakikutiririka. Kilikuwa na rangi ya njano inayoelekea kahawia, kizito kama gundi iliyoanza kukauka; ukikigusa kwa karatasi laini kinavutika, ukiachia kinarudi ndani.

Nilikuwa na mambo mengine mawili mwilini, lakini kila moja lilikuwa na faili lake. Pumu niliishi nayo tangu utotoni. Puani nilikuwa na vile vinyama laini ambavyo madaktari huviita polipu; nilishakatwa zamani, vikaota tena. Daktari wa kifua alishughulika na kifua, wa sikio na sikio. Mimi ndiye niliyekuwa nikibeba mafaili yote kwenye mfuko mmoja, na hakuna aliyeniambia niyafungue kwa pamoja.

Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za vikao. Mtu anayeandika kumbukumbu anaishi kwa masikio, na ndipo nilipoanza kuona ukubwa wa tatizo. Maneno marefu sikupata nayo shida, kwa sababu hata ukikosa silabi moja, sentensi inakujazia. Tarakimu ndizo zilizonitesa. Mjumbe akitaja sitini, mimi nasikia tisini. Akitaja sita, nasikia sifa au sina, inategemea nani anakohoa pembeni. Nikawa namwomba mtu arudie, anarudia kwa sauti kubwa zaidi lakini kwa matamshi yaleyale, na bado sijapata. Nikahamia upande wa kulia wa meza ili sikio la kushoto lielekee ukutani. Wenzangu wakadhani nimependa dirisha.

Daktari aliyefumbua fumbo hakuanza na sikio. Alisoma karatasi zote, pamoja na zile za pumu ambazo sikuwa nimekusudia kumwonyesha, akauliza, “Mama, pua yako inanusa?” Nikamwambia haijanusa siku nyingi. “Na ukipenga, kinatoka nini?” Nilipomweleza kuhusu vipande vigumu vya kahawia vinavyotoka mara chache, aliacha kuandika. Akaniambia vipande hivyo ningemletea tangu mwanzo kama kuna mtu angekuwa ameviulizia.

Alinieleza kitu ambacho sasa nakiona dhahiri. Sikio la kati, chumba kidogo nyuma ya ngoma ya sikio chenye vifupa vitatu, limeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija unaoitwa mrija wa Eustachi. Kwa mtu mzima mrija huo una urefu wa takriban sentimita 3.5. Kwa kawaida umefumba, na hufunguka kidogo ukimeza au ukipiga mwayo ili hewa ipite. Utando laini uliotandikwa puani unaendelea ndani ya mrija hadi kwenye chumba cha sikio, na nyuma zaidi hadi kwenye vishimo vya mfupa wa mastoidi, ule ulio nyuma ya sikio. Kwa hiyo mzio unaofanya utando wa pua uvimbe una njia ya kufika sikioni, na hauhitaji kutoboa chochote.

Nilikuwa nimezoea kuchunguzwa sikio kwa kijitochi. Safari hii nililazwa chali, kichwa kimegeuzwa, hadubini kubwa imesogezwa juu yangu. Akaingiza kijiti chembamba cha kunyonya uchafu. Mlio wake ukiwa ndani ya sikio ni wa kutisha, na kijiti kikipoza sikio unaona chumba chote kinazunguka. Kijiti kilinyonya, kikaziba. Akakizibua, kikaziba tena. Mwishoni aliweka kijiti pembeni, akachukua koleo dogo, akashika kitu na kuvuta polepole. Nilikisikia kikitoka. Kulikuwa na mvuto hadi karibu na koo, kisha mlio mdogo wa kuachia, kisha kiyoyozi cha chumba kikaanza kusikika upande wa kushoto. Muuguzi akanishika bega, “Pole mama, umemaliza.” Daktari alikilaza kile kitu juu ya kitambaa cheupe: uzi mnene, wa kahawia yenye kijani, usiokatika. Akasema, “Huu si usaha.”

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachomsimulia kila mtu mwenye sikio la aina hii. Alikigawa kile kipande mara mbili. Nusu akaitia kwenye kichupa chenye formalini kwa ajili ya mtaalamu wa patholojia, anayetazama tishu kwa hadubini. Nusu nyingine akaiweka kwenye kichupa kisafi kisicho na dawa yoyote, iende kuoteshwa. Formalini inahifadhi umbo la kitu lakini inaua kila kilicho hai, hivyo kilichokwisha kuingia humo hakioteshwi tena. Katika kituo kimoja nilichopitia kabla, kipande changu chote kilikuwa kimetumbukizwa kwenye formalini, na kwenye fomu yakaandikwa maneno mawili tu: usaha, sikio. Majibu yakarudi kwamba ni uvimbe wa muda mrefu, hakuna saratani. Hayakuwa majibu ya uongo. Hakuna aliyekuwa ameuliza swali jingine.

Safari hii fomu ilijaa. Aliandika pumu, aliandika polipu, aliandika ute mzito, na akaomba kwa maandishi watafute fangasi kwa rangi maalumu ya fedha. Rangi za kawaida za maabara huonyesha chembe za mwili vizuri, lakini nyuzi za fangasi zinaweza kupotea humo, hasa zikiwa chache. Na katika ugonjwa huu, ambao ni mzio wa fangasi waliomo ndani ya ute wa sikio na pua, huwa chache kweli. Mtu anatafuta uzi mmoja mmoja ndani ya lundo la ute.

Majibu yalipotoka nilimwomba anisomee mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza: ute uliojipanga kwa matabaka, umejaa eosinofili, nyingi zikiwa zimekufa na kupasuka. Eosinofili ni aina ya chembe nyeupe za damu zinazohusika sana na mzio na pumu, na pia na minyoo. Mstari wa pili: fuwele za Charcot-Leyden. Hizi ni fuwele nyembamba zilizochongoka pande zote mbili, zinazojengeka kutokana na protini ya eosinofili zinapopasuka. Zimepewa majina ya madaktari wawili, Jean-Martin Charcot wa Ufaransa aliyezieleza mwaka 1853, na Ernst von Leyden wa Ujerumani aliyezieleza mwaka 1872 kwenye makohozi ya wagonjwa wa pumu. Mstari wa tatu: nyuzi chache za fangasi ndani ya ute. Mstari wa nne, ambao daktari aliupigia mstari kwa kalamu: fangasi hawajapenya kwenye tishu.

Nusu iliyooteshwa ilikawia zaidi, kwa sababu fangasi hawa hawana haraka. Wakaota Curvularia, jamii ya fangasi weusi wanaoishi kwenye udongo na majani yanayooza. Wenzake wanaotajwa mara nyingi katika ugonjwa huu ni Bipolaris, Alternaria na Aspergillus. Wote wamo hewani kila mahali, na kila mmoja wetu anavuta mbegu zao kila siku bila kujua.

Niliposikia neno fangasi, nilipata picha ya kitu kinachonila kuelekea kwenye ubongo. Nadhani ni picha anayoipata kila mgonjwa. Kuna ugonjwa wa aina hiyo: kwa watu ambao kinga yao imeshuka sana, au wenye kisukari kisichodhibitiwa, fangasi wanaweza kupenya kwenye mfupa na mishipa, na huo ni wa dharura. Kuna pia fangasi wa njia ya nje ya sikio, wanaowasha sana, wanaosafishwa na kutibiwa kwa matone. Wangu hawakuwa wa huko wala huku. Walikuwa wamekaa tu ndani ya ute, hawali kitu changu. Ugomvi ulikuwa wa mwili wangu. Kinga yangu iliwaona, ikatengeneza kwa wingi kingamwili za mzio ziitwazo IgE, ikamwaga eosinofili, eosinofili zikapasuka na kumwaga sumu zao, utando ukavimba na kutoa ute mzito, ute ukaziba njia, na ndani ya ute ulioziba fangasi wakapata pa kukaa. Duara linajifunga lenyewe.

Hili wanasayansi hawakulianzia sikioni. Mwaka 1952 madaktari wa Uingereza walieleza wagonjwa wa pumu ambao mapafu yao yaliziba kwa ute wenye Aspergillus, nao ulikuwa mzio. Baadaye, mwaka 1976, likatokea pendekezo kwamba kitu kinachofanana na hicho kipo puani, na mwaka 1983 kundi la wanapatholojia likaeleza kwamba ute uliotolewa kwenye sinasi (vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, pembeni mwa pua) za wagonjwa fulani unafanana na ule wa mapafuni. Mwaka 1994 madaktari wawili, Bent na Kuhn, wakaweka vigezo vitano ambavyo bado vinatumika: mzio uliothibitishwa, polipu, picha ya CT (eksirei ya matabaka) yenye dalili zake, ute wenye eosinofili bila fangasi kupenya kwenye tishu, na fangasi kuonekana au kuota. Sikio lilikuja nyuma ya hayo yote, na wagonjwa wake ni wachache mno. Ndiyo maana tiba ya sikio kwa kiasi kikubwa imeazimwa kutoka kwenye sinasi. Daktari wangu hakunificha hilo, na nilimwamini zaidi kwa sababu hakunificha.

Kuna ndugu wa karibu wa ugonjwa huu ambao madaktari wa Japani wameushughulikia sana: uvimbe wa sikio la kati uliojaa eosinofili, lakini pasipo lazima ya kuonekana fangasi. Mwaka 2011 walichapisha vigezo vyake, na nilipovisomewa nilijiona mle ndani: ute mzito sana, kutopona kwa dawa za kawaida, pumu, polipu za puani. Nilisomewa si kwa ajili ya jina. Daktari alitaka nijue kuhusu sikio la ndani, sehemu inayogeuza sauti kuwa ishara za neva. Ute wa aina hii ukikaa muda mrefu unaweza kudhuru sikio la ndani kupitia kidirisha chembamba kilicho kati yake na sikio la kati, na uharibifu huo huanza na sauti nyembamba za juu, na ukishatokea haurudi.

Kwa hiyo vipimo vya usikivu vikawa jambo la kudumu. Cha kwanza kilinishangaza. Fundi alichukua chuma cha pembe mbili, kile kinacholia kwa mitetemo 512 kwa sekunde, akakigonga na kuniwekea katikati ya paji la uso. “Unasikia upande gani zaidi?” Nikasikia upande wa kushoto, upande mbovu, na kwa sauti kubwa. Nikadhani nimekosea, nikamwomba arudie. Ikawa vilevile. Akanieleza kwamba sikio likiwa limezibwa njiani, sauti inayopita kwenye mfupa husikika zaidi upande ulioziba. Kama ingekuwa neva imekufa, ningesikia upande mzima. Lilikuwa jambo jema kulisikia. Kipimo cha ngoma ya sikio la kulia, ambayo ilikuwa haijatoboka, kilitoa mstari bapa, maana yake ngoma haitikisiki kwa sababu nyuma yake kumejaa. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata lile sikio nililokuwa nikiliita zima halikuwa zima.

Picha ya CT ilionyesha sinasi zimejaa, na ndani ya weupe kulikuwa na mabaka meupe zaidi. Ute wa fangasi unakusanya chumvi za madini kama kalisi, chuma na manganizi, ndiyo maana unang’aa kwenye CT. Kwenye MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, mambo yanageuka: ute huohuo unaweza kutokea mweusi kabisa, na msomaji asiye makini akadhani hapo pana hewa tu, sinasi ni safi.

Tiba yenyewe ilikuwa na ngazi, na ngazi ya kwanza haikuwa dawa. Kabla ya kuniandikia steroidi, dawa zinazotuliza uvimbe na kushusha kinga ya mwili, daktari alitaka nipimwe minyoo. Nilimshangaa. Sababu ni mbili. Ya kwanza, minyoo nayo hupandisha eosinofili kwenye damu, na hutaki kuulaumu mzio kwa kazi ya mnyoo. Ya pili ni nzito zaidi: kuna mnyoo aitwaye Strongyloides anayeweza kuishi mwilini miaka mingi kimyakimya, na mtu akipewa steroidi kinga ikashuka, mnyoo huyo anaweza kuzaliana na kusambaa mwili mzima hadi kuua. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia anaanza predinisoloni, mojawapo ya steroidi hizo, swali langu la kwanza ni hilo.

Kisha upasuaji. Sinasi zilifunguliwa kwa kamera ndogo kupitia puani, polipu zikaondolewa, ute ukachotwa wote. Msisitizo uko kwenye neno wote, kwa sababu ute uliobaki ni mbegu ya duru inayofuata. Sikio la kushoto lilisafishwa kupitia tundu lililokuwepo, na la kulia likawekewa kijibomba kidogo kwenye ngoma ili hewa iingie na dawa ipite. Vijibomba hivi kwa kawaida hudondoka vyenyewe baada ya miezi 6 hadi 12 hivi. Kwa watu kama mimi vinaziba kabla ya hapo.

Halafu steroidi za vidonge. Nitasema ukweli: ndizo zilizonirudishia sikio, na ndizo nisizozipenda. Katika siku za mwanzo nilinusa sabuni nikiwa naoga nikasimama palepale chini ya maji, nikainusa tena. Masikio yakafunguka, kwanza la kulia. Lakini usiku sikupata usingizi, njaa ilikuwa haishi, uso ukaanza kuvimba mashavu, na nikawa mkali kwa watu wasio na kosa. Sukari ilipimwa, shinikizo la macho likapimwa. Dozi ilishushwa hatua kwa hatua, kwa sababu steroidi hufanana na homoni ya mwili wenyewe, na mwili ukizoea kupewa huacha kutengeneza ya kwake, na ukiikatisha ghafla unaweza kuanguka. Nimekutana na watu waliopewa vidonge hivi kwa pumu wakaviacha siku ile waliyojisikia nafuu. Wasifanye hivyo.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni hili: kama ni fangasi, mbona hukupewa dawa ya fangasi? Nililiuliza mimi pia, tena kwa ukali kidogo. Jibu nililopewa ni kwamba fangasi waliomo ndani ya ute mzito hawafikiwi vizuri na dawa iliyo kwenye damu, kwa sababu ute hauna mishipa. Na hata wakifa, mwili wenye mzio unagombana na mabaki yao vilevile. Dawa kama itrakonazoli hutumika kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wanaorudiwarudiwa, lakini faida yake haijasimama imara, na ina gharama zake kwenye ini. Tena itrakonazoli inazuia ini kuvunja baadhi ya steroidi, zikiwemo za kupuliza puani na za pumu kama budesonidi na flutikasoni, hivyo dozi ndogo inageuka kuwa kubwa ndani ya damu. Mgonjwa wa pumu anayepewa dawa ya fangasi na daktari asiyejua kwamba anatumia pampu ya pumu yuko kwenye hatari ambayo hakuna anayeiona. Hapo ndipo ule mfuko wangu wa mafaili ulipopata maana.

Kuna kundi jipya la dawa za sindano zinazokata mawasiliano ya mzio mwilini. Dupilumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa polipu za puani, na zimefuata omalizumabu na mepolizumabu. Madaktari wanaziona zikisaidia pia masikio ya baadhi ya wagonjwa wa aina yangu. Bei yake ni kubwa na haziponyi moja kwa moja. Ukiacha, ugonjwa unaweza kurudi. Mimi bado sijazianza. Faili langu liko kwenye foleni.

Kinachonibeba siku hadi siku ni kitu cha kawaida kabisa: kuosha pua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, kisha steroidi ya kupuliza. Maji nayachemsha na kuyapoza kwanza. Maji ya bomba yasiyochemshwa hayafai kuingizwa puani hata yakiwa safi kwa kunywa, kwa sababu kuna kimelea, Naegleria fowleri, ambaye akinywewa hana madhara lakini akipanda puani anaweza kufika kwenye ubongo. Ni nadra sana, na kuchemsha ni rahisi sana, hivyo sioni cha kujadili. Unainama, kichwa unakilaza pembeni, mdomo wazi, unakamua chupa taratibu. Ukikamua kwa nguvu maji yanapanda kwenye mrija hadi sikioni na utajua mwenyewe. Baada ya hapo usipenge kwa kuziba tundu zote mbili. Penga upande mmoja mmoja, kwa upole.

Sikio lenyewe nimejifunza kuliacha. Hakuna kijiti cha pamba, hakuna mafuta ya kudondosha, hakuna dawa ya tone niliyopewa na jirani. Ngoma ikiwa na tundu, kinachodondoshwa nje kinaingia hadi chumba cha kati, na baadhi ya matone ya kuua bakteria, yale yenye gentamisini kwa mfano, yanaweza kudhuru sikio la ndani. Nikioga naweka pamba iliyopakwa mafuta mazito ya mgando. Kuogelea nimeacha. Jambo moja limenifurahisha katika mateso haya: kwenye ndege, wenzangu wanapohangaika kumeza mate na kutafuna wakati wa kutua, mimi mwenye masikio matundu sisikii maumivu yoyote.

Nyumbani nilitafuta ukungu. Niliukuta nyuma ya kabati lililogusa ukuta wenye unyevu, na kwenye mpira wa mlango wa mashine ya kufulia. Nilisafisha, nikahamisha kabati, nikarekebisha bomba lililokuwa likivuja. Ilisaidia kifua zaidi ya sikio. Sijidanganyi kwamba nimewafukuza Curvularia. Wako nje, kwenye kila jani linalooza, na dirisha lazima lifunguliwe. Wapo wanaokushauri uhame nyumba. Kabla ya kuhama, pima kwanza una mzio wa nini.

Kazini niliacha kujificha dirishani. Nilimwambia mwenyekiti kwamba tarakimu zote ziandikwe ubaoni au nikabidhiwe karatasi, na kwamba anayeongea anitazame. Watu wazima wakiambiwa jambo kwa lugha nyepesi hulifanya. Baada ya vikao vichache wengine wakaanza kufurahia tarakimu za ubaoni kuliko mimi, maana kumbe si mimi peke yangu niliyekuwa nikichanganya sitini na tisini.

Duru imerudi tangu wakati ule, na itarudi tena. Ugonjwa huu unajulikana kwa hilo. Tofauti ni kwamba sasa naijua dalili ya mapema. Harufu hupotea kabla sikio halijaziba. Nikikosa harufu ya sabuni kwa siku kadhaa mfululizo, sisubiri uzito wa sikio, napiga simu kliniki. Mara moja tulifanikiwa kuizuia kwa kusafisha sinasi na kuongeza dawa ya kupuliza tu, bila vidonge.

Kipimo cha mwisho cha usikivu kilionyesha sikio la kulia limerudi karibu na kawaida. La kushoto sauti nene ziko vizuri, sauti nyembamba za juu zimebaki chini, na mstari wa mfupa, yaani wa sauti zinazopitishwa kwenye mfupa, nao umeshuka pamoja nazo, kwa hiyo hizo hazirudi. Sasa hivi mimi na daktari tunabishana. Yeye anataka tundu la kushoto liachwe wazi ili aweze kuendelea kusafisha na kuweka dawa moja kwa moja, na nivae kifaa cha kusikia. Mimi nataka lizibwe niache pamba na mafuta. Amekubali tutazame tena nikimaliza mwaka mzima bila ute, na mimi nimekubali kujaribu kifaa, kile cha kupitisha sauti kwenye mfupa, kwa sababu cha kuziba tundu la sikio hakitafaa kwa sikio linalohitaji hewa. Nakijaribu kwenye kikao cha bajeti, chenye tarakimu nyingi.